Simu Ikinyamaza, Usijijibu Mwenyewe: Funzo Kutoka Ndani ya Chipu

Wacha nianze na aibu yangu. Nafanya kazi kwenye kampuni ya malipo kwa simu, kila wiki naandika hapa nikiwaambia mkague kabla ya kutuma, na bado mwezi jana nimelipia gesi mara mbili.

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwisho wa mwezi. Maharagwe yako jikoni yameiva nusu, gesi ikakata. Nikampigia jamaa wa gesi wa mtaani kwetu, akaleta mtungi wa kilo 6 hadi mlangoni. Nikaweka namba yake, nikaandika Sh1,300, nikaweka PIN. Hapo simu ikakwama. Skrini nyeupe, kiduara kinazunguka, hakuna meseji. Jamaa amesimama mlangoni na helmeti kichwani, ana wateja wengine wanamngoja. Nikajiambia, "Haijaenda hii." Nikazima simu, nikaiwasha, nikatuma tena.

Baada ya kama dakika tano meseji ziliingia zote mbili, moja nyuma ya nyingine. Sh2,600 zimeenda. Bahati yangu ni kwamba jamaa alikuwa mwaminifu. Alinipigia mwenyewe akiwa njiani: "Dada, simu yangu imelia mara mbili, ama unataka mtungi wa pili?" Akanirudishia. Lakini si kila mtu wa gesi ni kama yeye, na si kila mara namba uliyotumia ni ya mtu unayemjua.

Wikendi hiyo nilimsimulia rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi ni mhandisi wa programu za vifaa vidogo. Nilitarajia anicheke. Badala yake akaniambia, "Kosa lako ni lile lile ambalo mainjinia wa Linux walilazimika kurekebisha kwenye draiva ya prosesa. Uliona mahali patupu ukajaza jibu lako." Nikamwambia anieleze polepole, kwa lugha ya mtu wa maketing. Haya ndiyo aliyonieleza, na nadhani yatakusaidia kuelewa simu yako na pia kulinda pesa zako.

Prosesa hupangwa kwa gredi, kama kahawa

Prosesa ni ile chipu inayofanya hesabu zote ndani ya simu, kompyuta, redio ya gari au kifaa kingine. Watu wengi tunadhani chipu mbili za aina moja ni sawa kabisa. Haziko hivyo.

Fikiria kahawa ya Nyeri au Kirinyaga. Inatoka shamba moja, hata mti mmoja, lakini ikishakobolewa inapitishwa kwenye chekeche na kupangwa. Punje kubwa zinakuwa AA, zinazofuata AB, ndogo C. Zile za mviringo zinakuwa PB. Kisha gunia linaandikwa alama yake, na mnunuzi anaanzia hapo.

Chipu nazo ni vivyo hivyo. Zinatengenezwa nyingi pamoja juu ya kisahani kimoja cha silikoni, kwa mchoro mmoja. Lakini utengenezaji hauwezi kuwa sawa kila sehemu ya kisahani, kwa hivyo kila chipu inapimwa. Kuna inayoweza kukimbia kwa spidi ya juu bila kukosea hesabu, na kuna ambayo ukiiharakisha zaidi inaanza kukosea. Kiwanda kinaipa kila moja gredi ya spidi.

Na alama ya gredi inaandikwa wapi? Ndani ya chipu yenyewe, kwenye fyuzi ndogo sana ambazo huchomwa mara moja tu kiwandani. Ikishachomwa, haifutiki. Mafundi huita sehemu hiyo OTP, kwa sababu inaandikwa mara moja tu. Usiichanganye na ile OTP unayotumiwa kwa meseji, ambayo kama tunavyosema kila siku, hupaswi kumpa mtu yeyote.

Sasa, simu ama kifaa kikiwaka, mfumo endeshi unapaswa kuijua gredi ya chipu yake. Kazi hiyo inafanywa na draiva, kipande cha programu kinachozungumza na chipu moja kwa moja. Draiva inasoma zile fyuzi, halafu inaangalia orodha ya spidi na kiwango cha umeme kinachoenda na kila spidi, na kuondoa zile ambazo chipu hii haikuidhinishwa. Kwenye Linux, sehemu inayoamua spidi ipande au ishuke lini inaitwa gavana. Ndio, kama ile spidi gavana ya matatu inayozuia gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Tofauti ni kwamba gavana wa Linux pia hushusha spidi kifaa kikiwa hakina kazi, ili chaji isiishe bure.

Draiva ikisoma gredi ya chini kuliko ilivyo, unapata kifaa kizito bila sababu. Ikisoma ya juu kuliko ilivyo, chipu inaweza kusukumwa kuliko uwezo wake: inapata joto, inakosea hesabu, kifaa kinajizima. Ndiyo maana kuisoma gredi vizuri si jambo dogo.

Alama moja, maana tatu

Rafiki yangu alitumia mfano wa familia ya chipu zinazoitwa i.MX. Zilianza na kampuni ya Freescale, ambayo mwaka 2015 ilinunuliwa na NXP ya Uholanzi. Si chipu utakazozikuta kwenye simu nyingi za hapa kwetu. Zinatumika zaidi kwenye magari, mitambo ya viwandani na baadhi ya vifaa vya kusomea vitabu. Lakini draiva zake ziko wazi ndani ya Linux kila mtu asome, na kiini cha Linux ndicho hicho kilicho chini ya Android kwenye simu yako.

Kwenye chipu ya i.MX6 Quad, gredi ya spidi iko kwenye biti mbili. Biti mbili zinatoa alama nne tu, na maana zake ni hizi:

- 00 ni 792 MHz
- 01 ni 852 MHz
- 10 ni 996 MHz
- 11 ni 1,200 MHz, yaani 1.2 GHz

Rahisi, sivyo? Shida ni kwamba familia ilikua. Akaja mdogo wake, i.MX6UL, halafu akaja i.MX6ULL. Fyuzi ni zile zile, biti ni mbili vilevile, lakini maana ilibadilika. Alama 10 ambayo kwa Quad ni 996 MHz, kwa UL ni 696 MHz, na kwa ULL ni 792 MHz. Mtu akichukua jedwali la kaka mkubwa kusomea alama ya UL, atadhani ana 300 MHz zaidi ya zile alizopewa.

Kwa hivyo draiva ilibidi iongezwe swali moja kabla ya kusoma chochote: "Wewe ni nani kwenye familia hii?" Ikishajua jina, ndipo inachukua jedwali la huyo, si la ndugu yake.

Hapo nilimkatiza. Nikamwambia hiyo ni kama kuona jina "Wanjiku" kwenye skrini na kutuma pesa bila kuangalia ni Wanjiku yupi. Akasema, "Hasa. Na bado hujasikia ile ya sifuri."

Sifuri na patupu si kitu kimoja

Mwaka 2019 draiva mpya ya kizazi cha baadaye, i.MX8M, iliingia kwenye Linux. Hapo kukawa na tatizo lililofanana kabisa na langu na gesi.

Chipu za sampuli, zile za kwanza ambazo mainjinia hupewa wajaribu kabla ya kuuzwa kwa wingi, zilikuwa bado hazijachomwa fyuzi. Alama haikuwepo kabisa. Lakini kompyuta haijui kusoma "hakuna kitu". Ukiiuliza fyuzi ambayo haijachomwa, inajibu sifuri. Na sifuri kwenye jedwali inaweza kuwa gredi kama gredi nyingine.

Basi draiva ilikuwa inapokea sifuri na kuichukua kama jibu. Ikienda kwenye orodha ya spidi zinazoruhusiwa kwa gredi hiyo, inaweza kukosa hata moja. Bila spidi ya kuchagua, kazi yote ya kupandisha na kushusha inakwama pale pale. Kifaa kinapiga kelele kwamba hakuna spidi, kumbe spidi zipo, ni swali ndilo lililosomwa vibaya.

Marekebisho yenyewe ni mistari michache tu. Draiva iliambiwa iangalie vitu viwili kwa pamoja: gredi ya spidi, na alama nyingine inayosema chipu ilitengenezwa kwa soko gani, kama ni la wateja wa kawaida au la viwandani. Zote mbili zikiwa sifuri, ichukulie kwamba chipu hii haijaandikwa bado. Na ikiwa haijaandikwa, itumie spidi ya chini kabisa iliyo kwenye orodha, ile ambayo ni salama kwa kila chipu ya aina hiyo. Isikisie spidi ya juu na isikatae kufanya kazi, iende polepole kwa usalama.

Nilidhani hadithi imeisha. Haikuisha, kwa sababu akaja ndugu mwingine, i.MX8M Nano. Huyu alipewa biti nne badala ya mbili, yaani alama 16. Na jedwali lake linaanzia juu kwenda chini: alama ya sifuri ni 2,300 MHz, kisha kila alama inashuka kwa 100 MHz. Sasa angalia mtego. Kwa wakubwa zake, chipu tupu ilikuwa inapewa gredi namba 1, kwa sababu kwao hiyo ni gredi ya chini. Kwa Nano, namba 1 ni 2,200 MHz! Spidi hiyo haimo hata kwenye orodha yake, maana Nano inaishia 1,500 MHz.

Ikabidi draiva irekebishwe tena. Kwa Nano ambayo haijaandikwa, gredi sahihi ya kuanzia ni namba 11, ambayo ukipiga hesabu (2,300 toa 1,100) inakuleta kwenye 1,200 MHz, spidi ya chini kabisa kwenye orodha yake. Yaani hata dawa iliyoponya ndugu mmoja haikufaa kumpa mwingine bila kuuliza.

Sasa hii inanihusu vipi na simu yangu?

Swali zuri. Inakuhusu kwa njia tatu.

*Kwanza, simu za kawaida nazo zina gredi.* Chipu ya Snapdragon 820, kwa mfano, ina draiva yake kwenye Linux inayosoma fyuzi ili ijue chipu hii iko kundi gani na iruhusiwe spidi zipi. Kwa hivyo simu mbili za jina moja, bei moja, zinaweza kuwa na chipu ambazo hazilingani kabisa, na hilo pekee si dalili kwamba umeuziwa feki.

*Pili, makosa ya draiva hayaponywi na apu.* Kuna programu nyingi zinazojitangaza kwamba zitaongeza spidi ya simu yako ukibonyeza tu. Draiva inaishi ndani ya mfumo wenyewe, na apu ya kawaida hairuhusiwi kuigusa. Marekebisho ya kweli yanakuja kwenye sasisho la mfumo kutoka kwa mtengenezaji wa simu. Ile meseji ya "sasisho la mfumo liko tayari" ambayo unaisukuma kila siku kwa sababu ya bando, ndani yake kuna marekebisho ya aina hii pamoja na ya usalama. Tafuta Wi-Fi unayoiamini, weka simu kwenye chaji, iache isasishwe usiku. Na apu ya kuongeza spidi inayotaka ruhusa ya kusoma meseji zako, ifute leo. Spidi ya prosesa haihitaji kusoma meseji zako za pesa.

*Tatu, ukinunua simu ya mitumba, usiamini kinachoandikwa kwenye skrini peke yake.* Muuzaji anaweza kukufungulia apu inayoonyesha prosesa kali na spidi kubwa. Apu hiyo inasoma inachoambiwa na mfumo, na mfumo ukishachezewa unaweza kusema chochote. Itumie simu hapo hapo dukani kama utakavyoitumia nyumbani: fungua programu mbili tatu, piga simu, piga picha, angalia kama inapata joto haraka. Angalia pia namba ya IMEI kwa *#06# na uilinganishe na ya kwenye kartoni na risiti.

Na simu yangu mimi? Nilimpelekea fundi. Hakukuwa na shida ya prosesa wala draiva. Nafasi ya kuhifadhi ilikuwa imejaa hadi pomoni kwa picha na video za magrupu ya harusi. Nilifuta, nikasasisha mfumo niliokuwa nimeupuuza kwa miezi, na sasa inaenda vizuri. Kosa la kutuma mara mbili lilikuwa langu, simu haina hatia.

Simu ikikwama katikati ya malipo, fanya hivi

Ukishaweka PIN na kubonyeza tuma, ombi lako linaondoka kwenye simu na kwenda kwenye mitambo ya huduma. Kuanzia hapo, simu ni dirisha tu. Dirisha likipata ukungu haina maana kwamba kazi ndani imesimama. Malipo yanaweza kuwa yamekamilika ilhali wewe unaangalia kiduara kinazunguka, na meseji ya uthibitisho inaweza kuchelewa kwa sababu ya mtandao. Ukimya wa simu ni kama ile fyuzi tupu: haujasema "imeenda" na haujasema "haijaenda".

1. Usitume tena. Hata kama mtu amesimama mbele yako. Mwambie tu, "Ngoja kidogo nihakikishe." Mfanyabiashara yeyote anaelewa.

2. Kagua vitu viwili, si kimoja. Angalia salio, kisha angalia taarifa ya miamala ya karibuni kwenye menyu. Salio peke yake linaweza kukuchanganya kama hukumbuki lilikuwa ngapi. Taarifa inakuonyesha kiasi, saa na mpokeaji.

3. Muulize mpokeaji, lakini neno lake lisiwe ushahidi pekee. Akisema hajapata, huenda meseji yake nayo imechelewa. Rekodi ya akaunti yako ndiyo inayoamua.

4. Soma jina kabla ya kuthibitisha. Kumbuka alama 10 yenye maana tatu. Jina la kwanza halitoshi, soma majina yote yanayoonyeshwa na uhakikishe namba.

5. Kama kwenye taarifa haipo na salio halijaguswa, sasa unaweza kutuma tena, mara moja tu.

6. Kama zimeenda mbili, wasiliana na huduma kwa wateja haraka ukiwa na namba ya muamala wa pili. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirudisha. Tumia namba rasmi zilizo kwenye menyu yako, usitafute namba kwenye mitandao ya kijamii. Na hakuna mhudumu wetu atakayekuuliza PIN, hata akijitambulisha kwa jina lako kamili.

Kwa wenye maduka na mawakala, neno moja kwenu pia. Mteja akikuambia "nimetuma, simu tu ndiyo imekwama", usimpe bidhaa kwa huruma na usimfukuze kwa hasira. Subiri meseji yako mwenyewe au kagua salio lako. Meseji anayokuonyesha kwenye simu yake inaweza kuwa imeandikwa na mtu yeyote.

Jamaa wa gesi alirudi tena Jumamosi iliyopita. Nikaweka PIN, mtandao ukasuasua kidogo, kiduara kikaanza kuzunguka. Akaniangalia, akacheka: "Dada, leo tungojee ama nilete mitungi miwili?"

Tulingoja, na meseji ikaingia moja.